Tarishi wa Simu
Watu wa Mabanga hawajasahau asubuhi ya tarehe 27 Mei 2021. Siku 5 baada ya Nyiragongo kutapika moto, serikali iliamuru watu wa mitaa 10 ya Goma wahame, na Mabanga ilikuwamo. Wengi walishika njia ya Sake. Wengine walivuka mpaka kuingia Rwanda.

Leo kijana ajuaye kutunga programu aweza kupeleka onyo la namna ile katika simu za mtaa mzima. Lakini programu yake haiufikishi ujumbe yenyewe. Huukabidhi kwa tarishi, kama huduma ya Google iitwayo Firebase Cloud Messaging. Kila simu ina alama yake, na kwa alama hiyo tarishi hujua ampe nani. Simu ikiwa imezimika, au haina intaneti (umeme wetu twaujua!), tarishi huuweka ujumbe na kungoja. Angoje hata lini? Mtumaji asipotaja muda, hungoja mpaka majuma 4.

Basi fikirini mama aliyekimbilia Sake simu yake ikiwa haina moto. Arudi nyumbani mwezi wa Juni, aiwashe, nayo imwambie, “Kimbieni sasa!” Si atawabeba watoto tena?

Kwa hiyo onyo la hatari lipewe muda wa saa chache tu, tena litiwe alama ya haraka, maana ujumbe wa kawaida waweza kukawia simu ikiwa imelala. Na ndani ya ujumbe wenyewe iandikwe tarehe na saa.