Sitara ni ya Aliyedhulumiwa



Wanaozungumzia maadili ya vita aghalabu huuliza mambo mawili: ni lini yajuzu kupigana, na ni nani asiguswe. Haya ni maswali ya haki. Ila twaona liko na la tatu, walilolibeba wanawake: ni nani husikizwa madhara yanapohesabiwa?

Dini yetu haikumsahau asiyeshika silaha. Amepokea Ibn Umar (r.a.), katika Bukhari na Muslim, kwamba katika moja ya vita alionekana mwanamke ameuawa, na Mtume (s.a.w.) akakataza kuua wanawake na watoto. Lakini kutouawa pekee si kusalimika.

Tutazame Arusha, ilikokaa mahakama ya kimataifa ya Rwanda. Kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa wilaya ya Taba, ilianza mwaka 1997 bila shitaka lolote la ubakaji. Mashahidi wanawake, walioitwa kueleza mauaji, wakaeleza na yaliyowafika wao na binti zao. Miongoni mwa majaji watatu alikuwamo mwanamke mmoja, Navanethem Pillay. Mashitaka yakarekebishwa, na tarehe 2 Septemba 1998 ikahukumiwa, kwa mara ya kwanza katika mahakama ya kimataifa, kwamba ubakaji waweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Lau wale mama wangalinyamaza, dhuluma ile isingaliandikwa.

Wala hatudai kwamba wanawake ni malaika. Pauline Nyiramasuhuko, waziri aliyekabidhiwa mambo ya familia na wanawake nchini humo humo, alitiwa hatiani mwaka 2011 kwa mauaji ya kimbari na kwa ubakaji uliotendwa na watu waliokuwa chini yake. Basi hoja yetu si kwamba mwanamke ana moyo mwema kuliko mwanamume. Hoja ni kwamba mizani isiyopima maumivu ya nusu ya watu haiwezi kuitwa uadilifu.

Nasi tunao mfano wa karibu. Miaka ya 1990, koo zilipopigana Wajir, wanawake, akiwemo marehemu Dekha Ibrahim Abdi, walianzia sokoni: wakahakikisha mwanamke wa ukoo wowote auza na kununua bila kufukuzwa. Kisha wakawaendea wazee na vijana, hadi suluhu ikapatikana.

Ndugu zetu, nyumbani mwetu nako kuna la kufanya. Binti au jirani aliyekimbia vita akitaka kusema, tusimzibe kinywa kwa kisingizio cha aibu. Sitara ni ya aliyedhulumiwa, apewe anapoitaka. Si pazia la kumfichia dhalimu. Na wazee wanapoketi kusuluhisha, mama zetu nao waketi.

Mola atujaalie kuwa wenye kusimamia uadilifu, hata dhidi ya nafsi zetu. Amin.