DARUBINI MBOVU NI HASARA YETU SOTE



Kuna maneno yanapita vilabuni, eti fedha ya darubini mpya ni starehe ya vijana wanaotembeza wageni. Tunayapinga! Wageni wanapanda huku Amani kumtafuta chozi, kijidege kisichozidi kiganja, kinachokaa juu kabisa ya miti mirefu. Darubini yetu imeingia ukungu ndani, na macho yake mawili hayapatani. Asiyemwona ndege atamwonyesha nani? Mgeni akishuka bure harudi, na mfuko wa ushirika unabaki mtupu.

Wengine wanasema basi tununue ile ya 20x50, ati inavuta sana. Tusidanganyike! Kuvuta mara 20 hutikisika mkononi. Tena pigeni hesabu: 50 gawa kwa 20 ni milimita 2.5 tu za mwanga jichoni. 42 gawa kwa 8 ni zaidi ya 5. Msituni ni giza, ndugu zetu. Tunataka 8x42, isiyoingia maji, maana mvua ya Usambara mnaijua.

Mkutanoni tuseme kwa sauti moja: inunuliwe, na itunzwe. Jembe butu halifungui shamba.