Viumbe wa Majini Ndani ya Nyumba: Je, Tumejiandaa Kuwatunza?



Ndugu wazazi na wanafunzi wapenzi, leo naomba tuliache kidogo somo letu la kawaida, tuzungumze jambo lililoletwa darasani na kijana mmoja. Baada ya darsa la Alasiri hapa Malakia, Juba, alinionyesha kwenye simu picha za mnyama aitwaye niuti. Umbo lake ni kama mjusi, lakini ngozi yake ni laini kama ya chura, na aina nyingine huishi majini karibu maisha yao yote. Baba yake kijana huyu ni mfanyabiashara, anasafiri Nairobi mara kwa mara, na amemuahidi kumtafutia watano. Akaniuliza: "Ustadh, wakifika, inafaa kuwaweka wote pamoja katika tangi moja la kioo?"

Nikamwambia, mwanangu, hilo ni swali la pili. La kwanza ni kama wanafaa kuja Juba kabisa.

Sisemi hivi kwa kuwa najua sana, bali kwa kuwa nilikosea. Miaka michache iliyopita niliwanunulia watoto wangu tangi la kioo, na kwa kijana mmoja muuzaji nikachukua vifaranga vya perege, wale tunaowaita bulti hapa mjini, pamoja na vya kambare. Akanihakikishia kwamba wote ni samaki, watazoeana. Nikawamimina pamoja jioni ile ile, tena katika maji yaliyoshushwa muda huo huo na gari la maji, bado yananuka dawa. Alfajiri nilipoamka kuswali, perege wadogo hawapo, na kambare mmoja tumbo limemjaa. Waliobaki walikuwa wanaelea juu ya maji. Binti yangu akauliza: "Baba, tuliwanunua ili wafe?" Sikuwa na jibu.

Dini yetu haikatazi mtoto kuwa na mnyama wa kucheza naye. Tunajua kisa cha Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik (r.a.), aliyekuwa na kindege chake, na Mtume (s.a.w.) akimtania na kumliwaza. Lakini tunajua pia hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Kosa lake lilikuwa kumfungia kiumbe na kutomtimizia haki yake. Na tangi la kioo, ndugu zangu, ni kifungo. Aliye ndani hawezi kutoka kutafuta maji mengine.

Sasa tumtazame niuti mwenyewe. Katika bara letu hili, niuti wa asili wapo kaskazini tu, nchi kama Morocco, Algeria na Tunisia. Wengi wanaouzwa madukani duniani asili yao ni China na Japani, na wanapenda maji ya baridi, nyuzi 16 hadi 20 hivi. Hapa Juba mwezi wa Machi joto la mchana hupita nyuzi 35. Umeme ukikatika, nani atayapoza maji? Isitoshe, maji tunanunua kwa pipa, na tangi linataka kubadilishiwa sehemu ya maji kila wiki. Mtu asiyeweza hayo asimlete mnyama huyu hapa.

Najua wasomaji wetu wengine wanaishi Ulaya na nchi nyingine za baridi, na watoto wao wameshawanunua. Kwao nasema haya:

1. Tayarisheni tangi wiki kadhaa kabla ya kununua, ili vijidudu vinavyosafisha uchafu wa wanyama viote ndani ya maji. Maji ya bomba yaondolewe klorini kwanza.

2. Mgeni asiingizwe kwa wenyeji siku ile ile. Akae karantini katika chombo chake peke yake, mwezi mmoja au zaidi, mkimtazama ngozi na ulaji wake.

3. Msichanganye niuti na samaki, wala niuti wa aina mbalimbali. Wa aina moja wawe wa ukubwa unaokaribiana, wawe na mimea na mawe ya kujificha, na kila mmoja ahakikishiwe chakula chake. Wakigombea chakula huumana miguu na mikia. Kwa uwezo wa Allah kiungo kilichokatika huota tena, lakini hiyo si ruhusa ya kuwaacha waumizane.

4. Watoto wanawe mikono. Baadhi ya niuti wana ngozini sumu ile ile ya samaki bunju, ambaye watu wa pwani wanamjua vizuri.

5. Ukishindwa kuwatunza, usiwamwage mtoni.

Jambo hili la tano ni zito. Mwaka 2013 wanasayansi walitambua kuvu mpya iliyokuwa ikiua salamanda wa Uholanzi karibu wote. Ilitoka Asia, na biashara ya wanyama wa kufugwa ndiyo inayodhaniwa kuileta. Mwaka 2016 Marekani ikazuia kuingiza aina 201 za salamanda na niuti. Na sisi Afrika Mashariki tuna yetu. Wale vyura wadogo wa Kihansi, Tanzania, walipunguziwa manyunyu ya maporomoko na bwawa la umeme mwaka 2000, kisha wakakutwa na kuvu nyingine ya ngozi mwaka 2003, na kufikia 2009 ikatangazwa kwamba porini hawapo tena. Je, tunataka kuutia mto wetu ugonjwa kwa ajili ya zawadi ya mtoto?

Wako watakaosema: Ustadh, watu wa Juba wanahangaika na maji ya kunywa, nawe unazungumzia vijusi vya majini? Ndiyo, na ndiyo sababu nazungumza. Mtoto anayeona baba yake ananunua uhai kwa pesa, unakufa, na kesho unanunuliwa mwingine, anajifunza kwamba kiumbe ni kitu cha kutupa. Somo hilo halifutwi na darasa langu la jioni.

Yule kijana nilimshauri aanze na perege watatu au wanne wa ukubwa mmoja, ndani ya pipa pana kivulini, maji yakae kwanza, na kambare asitiwe humo. Awatunze mpaka Ramadhani ipite. Akiweza, tutazungumza tena. Baba yake alicheka, akasema nimemwokolea fedha.

Wazazi, kabla hamjalipa, kaeni na mtoto mumuulize: nani atabadilisha maji siku ya mvua, na siku ya safari? Jibu likikosekana, msinunue.

Allah atujaalie tuwe wenye huruma kwa kila kilicho hai. Aamin.

Wabillahi tawfiq.