Kinga na Tiba: Nafasi ya Sanaa za Kujihami za Uchina Katika Gusii

Wahenga walinena kuwa kinga ni bora kuliko tiba. Methali hii imekaririwa katika zahanati na madarasa yetu hata tukazoea kuviona viwili hivyo kama ndugu wasioketi meza moja: kinga hutangulia, nayo tiba huitwa kinga inaposhindwa. Katika sanaa za kujihami za jadi za Uchina, hata hivyo, kinga na tiba hufundishwa na mwalimu mmoja, uwanjani pamoja, kwa mwili ule ule. Makala haya yanashikilia kuwa sanaa hizo, zikifundishwa inavyostahiki, zitawafaa watu wa kaunti za Kisii na Nyamira, na kwamba faida yake kuu ni nidhamu inayoitangulia ngumi.

Hatuna budi kuanza kwa kusafisha istilahi. Mitaani mwetu kila arushaye teke huambiwa anacheza kareti, ilhali karate asili yake ni Okinawa, Japani, nayo taekwondo ni ya Korea. Neno kungfu kwa Kichina halina maana ya kupigana pekee. Hutaja ustadi wowote uliopatikana kwa muda mrefu na kwa jasho, hata ule wa mpishi au wa mwandishi. Vijana wengi wa Kenya walikutana na neno hili katika vibanda vya video, kupitia filamu za Bruce Lee, aliyefariki mwaka 1973, na za waigizaji waliomfuata. Filamu huonyesha ushindi wa dakika mbili. Haionyeshi miezi ambayo mwanafunzi husimama magoti yakiwa yamekunjwa mpaka mapaja yakatetemeka. Hapo ndipo tulipopotoka: tuliazima teke tukauacha ustadi.

Si kweli kwamba ndoa ya mapigano na matibabu ni jambo geni kwetu. Huko kusini mwa Uchina, Wong Fei-hung, aliyefariki mwaka 1925, alisifika kwa mambo mawili: upiganaji wake na uganga wake. Aliyejua kuvunja mfupa alitarajiwa kujua kuuunga. Katika Gusii, nao ababari, wapasuaji wa jadi, walifungua fuvu la kichwa na kuondoa vipande vya mfupa ili kumtibu aliyepigwa kichwani na kuandamwa na maumivu yasiyokoma. Madaktari wa enzi ya ukoloni waliyashuhudia hayo na kuyaandika. Jamii iliyozaa ustadi wa namna hiyo haiwezi kushangaa ikiambiwa kwamba anayejua kupigana yampasa ajue pia kuponya.

Wala nidhamu ya nguvu haikuwa ngeni. Kabla ya ukoloni, vijana wa kiume wa Abagusii waliishi katika ebisarate, yaani kambi za ng'ombe, ambako walilinda mifugo, wakajifunza kupigana na kumtii aliyewazidi umri. Serikali ya Waingereza ilizivunja kambi hizo karibu na mwaka 1912, muda mfupi baada ya upinzani wa 1908. Labda ilikuwa na sababu zake. Lakini ilipoondoa shule ya nguvu, haikuziondoa nguvu zenyewe. Kundi la Chinkororo, lililojulikana kama walinzi wa mifugo mipakani, baadaye lilihusishwa na fujo za kisiasa, na mnamo mwaka 2010 serikali ya Kenya ikalitaja miongoni mwa makundi yaliyopigwa marufuku. Marufuku hukataza, hayamfundishi kijana afanye nini na mikono yake. Kijana mwenye nguvu asiye na mwalimu hukodishwa na yeyote mwenye pesa.

Tuitazame sasa aibu yetu bila kupepesa macho. Mwezi wa Mei mwaka 2008, wazee 11 walichomwa moto hadi wakafa Gusii kwa madai ya uchawi. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021, akina nyanya wanne waliuawa huko Marani kwa madai yayo hayo. Je, kungfu ingaliwaokoa? Kusema kweli, hapana. Hakuna pigo la kiganja linaloweza kuuzuia umati wenye petroli. Hata hivyo, swali lenyewe limeelekezwa kwa asiyestahili. Umati haushuki kutoka mbinguni. Huundwa na watu wenye misuli ambao hawajawahi kufundishwa kuituliza. Katika sanaa za Uchina, mwanafunzi hurudia kila siku zoezi la kusimama, kupumua na kungoja kabla ya kutenda. Sidai kwamba zoezi hilo pekee litaikomesha imani ya uchawi. Nadai kwamba kijana aliyezoea kujizuia, mbele ya mwalimu anayemheshimu, ana nafasi kubwa zaidi ya kusita pale wenzake wanapopiga kelele.

Upande wa pili ni wale ambao mafunzo yanaweza kuwakinga moja kwa moja, hususan wasichana na wanawake. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 humwadhibu mhalifu baada ya kosa. Msichana anayetoka shuleni jioni kupitia mashamba ya chai ya Nyamira huhitaji kitu kabla ya kosa. Mfano hatukosi. Katika mtaa wa Korogocho jijini Nairobi, akina nyanya walifundishwa kupiga ukelele, kunasua mkono na kulenga pua ya mshambulizi. Aidha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu wasichana wa mitaa ya mabanda ya Nairobi waliopewa mafunzo ya kujihami, zaidi ya nusu walieleza kuwa katika mwaka uliofuata walikuwa wametumia mbinu hizo kuzuia kubakwa. Mbinu ya kwanza kati ya hizo ilikuwa sauti: kusema "Hapana" kwa namna isiyoacha shaka. Anayedai kwamba ujasiri wa mwanamke si desturi ya Gusii na amkumbuke Moraa wa Ngiti, aliyewachochea vijana kupinga utawala wa Waingereza mwaka 1908, naye Otenyo akamchoma mkuki afisa wao, Northcote.

Kuhusu tiba, ni sharti tuseme yaliyo kweli tu. Taichi, sanaa ya mwendo wa polepole ambayo UNESCO iliiorodhesha kama urithi wa utamaduni mwaka 2020, imechunguzwa na madaktari. Mwaka 2012 lilichapishwa jaribio la wagonjwa 195 wa ugonjwa wa Parkinson: waliofanya taichi mara mbili kwa wiki, kwa muda wa miezi sita, walidumisha mizani ya mwili vyema zaidi, na walianguka mara chache kuliko waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu. Kwa mzee anayepanda na kushuka vilima vya Manga kila siku, kutoanguka si jambo dogo. Mfupa wa nyonga ukivunjika, nyumba nzima huinama. Lakini taichi haitibu malaria, haiondoi kansa, wala haichukui nafasi ya dawa za kisukari. Mwalimu atakayeahidi hayo na afukuzwe uwanjani kabla hajapokea ada.

Wapo watakaopinga. Waumini wengi wa Gusii, tangu siku za misheni za Nyabururu na Nyanchwa, wana haki ya kuuliza iwapo sanaa hizi ni ibada ya kigeni. Jibu ni kwamba baadhi ya shule za kungfu zilikulia katika nyumba za watawa, lakini kuinama mbele ya mwalimu ni salamu, na mazoezi yanaweza kufundishwa bila dini yoyote. Isitoshe, Waadventista, ambao ni wengi miongoni mwetu, wamehubiri utunzaji wa mwili kwa zaidi ya karne moja. Wengine watauliza kwa nini tusifufue yetu. Na tuyafufue! Ila tusisahau kwamba mpira wa miguu nao ulikuja kwa meli, na leo hakuna anayeuita mgeni katika Uwanja wa Gusii.

Wachina husema kwamba mahali anapotosha kulala ng'ombe panatosha kufanyia mazoezi ya ngumi. Semi hii ingeweza kutungwa Keroka, ambako ardhi imegawanywa hata ikabaki vipande. Sanaa hizi hazihitaji uwanja mkubwa wala vifaa vya bei. Huhitaji mwalimu mwadilifu, ua wa shule na saa moja. Upo hata mfuatano mfupi wa taichi wa hatua 24, uliobuniwa Uchina mwaka 1956 kwa ajili ya watu wa kawaida.

Ni hapa ambapo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaitwa. Mkao wa farasi, pigo la kiganja, kukwepa, kunasua mkono, pumzi ya tumbo: lugha yetu haijakosa maneno. Kinachokosekana ni kijitabu chepesi cha Kiswahili, chenye michoro, kitakachomwezesha mwalimu wa shule ya msingi kule Borabu au Nyamache kufundisha bila kutegemea filamu. Kijitabu hicho kianze kwa sharti moja, kabla ya mchoro wowote: asiyeweza kujizuia hafundishwi kupiga. Chama chetu kina waandishi, wachoraji na wafasiri. Tukiandike, kisha tukawakabidhi walimu wa Kisii na Nyamira, maana chanda chema huvikwa pete, na kijana mwema hukabidhiwa nguvu.