HAKUNA BABA "ANAYESAIDIA" KULEA MTOTO WAKE



Leo neno langu si tamu, na nitaanza na mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, binti mmoja wa kanisa letu alipata mimba akiwa kidato cha tatu. Nilimwita mama yake ofisini. Mama peke yake. Nikamuuliza, "Mama, ulikuwa wapi mtoto akiharibika?" Alilia tu, hakunijibu. Wakati huo baba ya msichana alikuwa hapo nje akipanga viti vya ibada ya jioni. Sikumwita. Nilipotoka nilimshika mkono nikampa pole!

Mke nilimpa lawama, mume nikampa pole. Kwa jambo lile lile. Baadaye nilitubu, nikaenda kwao kuomba msamaha. Lakini najua sikuwa peke yangu.

Tazama tunavyoishi. Mtoto akilia katikati ya mahubiri, kanisa zima linageuka kumwangalia mama. Siku baba akimbeba mtoto kumtoa nje, tunasema, "Huyo ndiye baba!" Na mama aliyembeba mgongoni mwaka mzima, nani alimpigia makofi? Mtoto akipita mtihani ni "kijana wangu." Akianguka ni "huyo mtoto wako." Baba akibaki na watoto Jumamosi moja, tunasema anamsaidia mke wake. Anamsaidia? Kwani watoto ni wa jirani?

Sasa fungua Biblia. Katika Waefeso 6:4, Paulo anapoagiza watoto walelewe katika adabu ya Bwana, anawataja kina baba. Katika 1 Samweli 3:13, Mungu anaihukumu nyumba ya Eli kwa sababu Eli alijua uovu wa wanawe na hakuwazuia. Mama ya Hofni na Finehasi hatajwi popote. Mungu alimuuliza baba. Mimi nilimuuliza mama. Nani kati yetu alikosea?

Hata sheria ya nchi imetutangulia. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inasema baba na mama wana jukumu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawajaoana. Ni aibu mahakama ijue jambo ambalo kanisa linajifanya halijui.

Ndugu yangu, utaniambia, "Pastor, mimi natafuta pesa." Ubarikiwe kwa kutafuta. Lakini mke wako naye anaamka saa kumi kwenda sokoni, na akirudi bado anakagua homuweki. Karo ni lazima, lakini karo haiwezi kumuuliza mtoto mbona siku hizi amenyamaza. Unasema wewe ni kichwa cha nyumba? Amina. Kichwa ndicho chenye macho na masikio. Ona basi. Sikia.

Na usiogope kwamba kumlisha mtoto kutakupunguzia uanaume. Soma Hosea 11. Mungu mwenyewe anajieleza kama mzazi anayemfundisha mtoto kutembea, anayemshika mikono, anayeinama kumlisha. Kama Mungu aliinama, wewe ni nani usiiname?

Dada unayelea peke yako, usikubali kubeba lawama ya mtu aliyetoroka. Mkono mmoja haulei mwana, na wewe umejaribu kwa mkono huo mmoja. Mungu anakuona.

Kuanzia wiki hii, katika kanisa letu, jambo la mtoto likitokea nitawaita wazazi wote wawili. Na baba ndiye nitamuuliza kwanza. Kama anaishi kwingine, nitampigia simu.

Baba, kabla hujalala leo, keti na mtoto wako. Muulize siku yake ilikuwaje, kisha unyamaze usikilize.

Ee Bwana, tusamehe sisi kina baba. Turudishe nyumbani, si miili tu, hata mioyo. Katika jina la Yesu.

Kama wewe ni baba na umekubali, andika AMINA. Kisha zima simu uende kwa mtoto wako.