Makataa ni mengi, kichwa ni kimoja: Orodha ya simu inavyoweza kumwokoa kijana wa Nyanchwa

Pita Nyanchwa, mjini Kisii, siku yoyote ya kazi na utakutana na vijana ambao siku yao imekatwa vipande. Huyu yuko darasani Chuo Kikuu cha Kisii asubuhi, jioni anauza viatu vya mitumba. Yule alimaliza kozi, sasa anaendesha bodaboda huku akisaka ajira. Mwingine anapokea ndizi kutoka mashambani na kuzipeleka soko la Daraja Mbili. Ukiwauliza habari, jibu ni lile lile: mambo ni mengi.

Ni kweli ni mengi, na si kwa sababu vijana wa leo hawajui kujipanga. Zamani ulienda ofisini, ukapanga foleni, karani akakwambia fomu yako imekosa nini. Siku hizi huduma nyingi ziko mtandaoni, na ile kazi ya karani umeachiwa wewe, bila mshahara.

Angalia miaka hii michache tu. Tangu mfumo mpya wa kufadhili vyuo vikuu uzinduliwe Mei 2023, mwanafunzi anayetaka kusaidiwa karo anajiombea mwenyewe mtandaoni, kwa muda uliowekwa. Oktoba 1, 2024, SHA ilichukua nafasi ya NHIF, na asiye na mwajiri anajisajili na kujilipia. Mwaka wa 2025, waliotaka mtaji wa mradi wa NYOTA walituma maombi kwa kubonyeza *254#. Kila jambo lina tarehe yake, na tarehe haimngoji mtu.

Kusahau nako kuna bei. Mwenye PIN ya KRA anatakiwa kuwasilisha ripoti ya ushuru kufikia Juni 30 kila mwaka, hata kama hakupata kitu. Akichelewa, faini yake inaanzia Sh2,000. Aliyekopa HELB akafika wakati wa kulipa na kunyamaza, anaongezewa Sh5,000 kila mwezi. Kwa mtu anayeishi kwa vibarua, hizo si pesa za kuchezea.

Hapo ndipo apu rahisi ya orodha ya kazi inapoingia. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la leo liko mfukoni. Google Keep na Microsoft To Do hazilipishwi, na ukishazifungua unaweza kuandika hata bando likiisha. Mwenye kabambe pia hajaachwa nyuma, kwani kalenda na kengele ya simu hiyo vinatosha. Usihangaike kutafuta apu yenye madoido. Wunderlist ilipendwa na watu wengi duniani, Microsoft ikainunua mwaka wa 2015, na Mei 2020 ikafungwa. Apu huja na kuondoka, kwa hivyo tarehe zile kubwa ziandike pia kwenye karatasi ukutani.

Lakini kuandika tu hakutoshi. Vijana wengi huandika "basari" halafu neno hilo linakaa pale mwezi mzima. Basari si kazi moja, ni kazi nne au tano: kuchukua fomu, kutoa kopi ya kitambulisho, kupata muhuri wa shule, kumpata chifu atie sahihi, kisha kurudisha. Andika ile ya kwanza pekee, pamoja na siku utakayoifanya. Ukiimaliza, andika inayofuata.

Pili, usiweke kengele siku ya makataa. Siku za mwisho za Juni, kila mtu huwa anaingia iTax na mtandao unaburura miguu. Weka kengele wiki mbili mapema, siku unayojua utakuwa na bando na nafasi. Wengi hapa Nyanchwa ni Waadventista, na Jumamosi si siku ya kazi. Basi kengele ya Jumamosi asubuhi ni kazi bure. Alhamisi jioni, kabla ya pilikapilika za maandalio ya Ijumaa, inafaa zaidi.

Tatu, orodha ya siku isizidi mambo matatu au manne. Ukiandika kumi na tano, jioni utajiona umeshindwa, na kesho hutaifungua tena.

Hata hivyo, tusidanganyane. Orodha haileti bando, wala haimpi mtu nauli ya kwenda kwa chifu mara ya tatu. Ukimwambia kijana "jipange" na ukaishia hapo, unamtwika lawama ambayo si yake yote. Tazama apu za mikopo. Siku ya kulipa ikikaribia, ujumbe unaingia kabla hujanawa uso, na ukichelewa simu zinapigwa. Anayekudai hakusahau kamwe. Lakini tangazo la ufadhili au kazi linabandikwa tovutini na kukaa kimya hadi muda wake uishe.

Serikali ina namba zetu za simu, maana bila namba hujisajili popote. Ujumbe mfupi wiki mbili kabla ya kila makataa, kwa kila anayehusika, si jambo la kushinda mifumo hii. Kaunti nazo zinaweza kubandika kalenda moja ya tarehe hizi katika ofisi za wadi, ambapo hata asiye na simu ya maana ataisoma.

Mpaka hilo lifanyike, kijana ajikumbushe mwenyewe. Kama una PIN, fungua simu sasa hivi, andika "ripoti ya KRA" na uweke kengele Juni 15. Ni kazi ya dakika moja, na inakuokolea Sh2,000.