Jina Zuri, Matumizi Machungu: Ukomohedhi Nchini Uchina

Miongoni mwa wanaistilahi hudaiwa kuwa neno likiundwa kwa heshima, basi jambo linalotajwa nalo pia huheshimika. Dai hili linavutia, ila halina budi kupimwa. Uchina inatoa kipimo kizuri.

Kiswahili hulitaja badiliko hili la mwanamke wa makamo kwa kile kilichokwisha: kukoma hedhi, au ukomohedhi. Kichina kimefuata njia nyingine. Neno gengnianqi limeundwa kwa viungo vitatu vyenye maana ya kubadilika, mwaka na kipindi. Halitaji damu wala uzazi. Utabibu wa jadi nao, kama unavyoelezwa katika kitabu kikongwe cha Huangdi Neijing, huyagawa maisha ya mwanamke katika vipindi vya miaka saba saba: hedhi huanza akiwa na miaka 14, na uwezo wa kuzaa hukoma akiwa na miaka 49. Hiyo ni hatua ya maisha, si ugonjwa. Kazi ya tabibu ni kurejesha mizani ya yin na yang inapovurugika.

Kinadharia, basi, mwanamke wa Kichina angetarajiwa kuupokea umri huu kwa utulivu. Uhalisi ni mwingine. Nyumbani na kazini, gengnianqi limegeuka kejeli. Mwanamke wa makamo akikasirika, hata kwa haki, huambiwa kuwa yumo katika gengnianqi, na hoja yake huzikwa papo hapo.

Yamkini wapo watakaosema kuwa mila ya Kikonfyusi huwastahi wazee. Ni kweli, lakini mwanamke wa miaka 50 si ajuza wala si kijana. Kwa miongo mingi, mfanyakazi mwanamke wa kiwandani alistaafu akiwa na miaka 50, ilhali mwanamume alingoja hadi 60. Umri huo ulianza kupandishwa hatua kwa hatua mwaka wa 2025. Hedhi na ajira zikakoma karibu pamoja. Wengi wamepata kimbilio katika dansi za makundi kwenye viwanja vya miji, na hata huko hawakosi kudhihakiwa.

Hatari ya kejeli ni kwamba huzaa kimya. Anayeogopa kuchekwa huficha joto la ghafla na usiku usio na usingizi. Anaweza pia kuficha damu inayorejea baada ya mwaka mzima bila hedhi, dalili inayohitaji kuchunguzwa na daktari bila kukawia.

Hapa pana funzo kwa wanaojishughulisha na istilahi za Kiswahili. Kusanifu neno la staha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuchunguza neno hilo linatumiwa na nani, dhidi ya nani. Wahenga walinena kuwa jungu kuu halikosi ukoko. Methali hiyo haina faida iwapo jungu lenyewe hufunikwa kila linapochemka.